Kampuni changa: tuache kusifu, tuanze kupima

Kila leo vijana wetu wa Mombasa, Kilifi na Lamu wanaitwa kwenye mashindano ya mawazo ya biashara. Anayeshinda hupigwa picha na hundi kubwa. Anayeshindwa hurudi nyumbani akiamini wazo lake halifai. Wakati huohuo, huko vyuoni uchunguzi wa kampuni changa umebadilika. Watafiti wengi hawatosheki tena na kusimulia habari za mwanzilishi. Wanauliza: jambo hili limemfaa nani, na kwa kiasi gani?

Tazama Kitengela, kaunti ya Kajiado, jirani na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Kijana wa Kimaasai, Richard Turere, aliunda taa za kumulikamulika usiku ili kufukuza simba zizini, akitumia betri kuukuu ya gari, paneli ya jua na balbu za tochi. Mwaka 2013 alihutubia jukwaa la TED, dunia ikamshangilia. Watafiti hawakuishia kwenye makofi. Walilinganisha maboma yenye taa na yasiyo nazo, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo katika jarida la PLoS ONE: mashambulizi ya usiku yalipungua kwenye maboma yenye taa. Lakini taa ya zizini haifiki malishoni, na mchana bado mchungaji makini anahitajika.

Nigeria nako, shindano la YouWiN! liliwapa washindi ruzuku ya karibu dola 50,000 kila mmoja. Baadhi walichaguliwa kwa bahati nasibu, hivyo David McKenzie wa Benki ya Dunia akaweza kuwalinganisha na waliokosa. Miaka mitatu baadaye, waliopata walikuwa mbele kwa biashara zilizodumu na kwa wafanyakazi walioajiriwa. Hata hivyo, utafiti mwingine wa 2019 ulionyesha kwamba alama za majaji hazikutabiri nani kati ya washindi angefanikiwa zaidi.

Basi kijana uliyeambiwa huna wazo, usivunjike moyo. Hata majaji hawajui kesho. Na kaunti zetu pamoja na wafadhili, msihesabu mashindano mliyoandaa. Rudini baada ya miaka mitatu mhesabu maduka yaliyo wazi na watu waliopata kazi, kisha mtuambie, hata kama hesabu ni chungu. Pesa ya umma inastahili jibu hilo.