Mnara wa Kongwa

Msomaji wa Visiwani, aliyezoea masika na vuli, huenda akaistaajabia nchi ya Wagogo. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haizidi milimita 600 kwa mwaka. Mkulima wa huko hupanda uwele na mtama, na akiba ya ghalani huipima kabla hajafikiri harusi.

Wakristo wana neno lao, uwakili: kutunza mali ukijua kuwa si yako. Sisi tuliosomea chuoni tuliliita amana. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anatoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka.

Mnara wetu ulikuwa mradi wa karanga wa Kongwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyopungukiwa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma wataalamu watatu. Walikagua nchi kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakapendekeza mashamba ya ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ikaanza 1947. Matrekta, mengi yakiwa mitumba ya jeshi, yakavunjika kwa visiki na mibuyu. Jua likaukausha udongo ukawa kama saruji, karanga zikakataa kung'oka. Mvua nayo haikupokea amri ya London. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimekwenda. Laiti wangekaa kitako na wazee walioionja Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya 1917 hadi 1920!

Cha ajabu, hapo hapo Kongwa kilikuwapo tayari chuo cha kufundishia makasisi wa Kianglikana. Bila shaka Luka alisomwa humo huku matrekta yakinguruma nje.

Ndugu zetu maofisa wasidhani kwamba hayo ni ya wakoloni peke yao. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, majengo yaliongezeka upesi, na mwaka 2018 mji ukawa Jiji. Maji yake, kwa sehemu kubwa, hutoka visima vya bonde la Makutupora, na visima havisikii hotuba. Anayeletewa ramani ya jengo jipya aulize kwanza maji yatatoka wapi, ndipo atie sahihi.