Shamba la Baba na Shamba la Kijiji: Undugu na Ardhi Baada ya Ujamaa

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwezi Novemba 1989, mataifa ya Ulaya ya Mashariki yalikabiliwa na swali ambalo furaha ya uhuru haikuweza kulijibu: shamba lililotwaliwa na dola miaka arobaini iliyopita ni la nani? Je, ni la yule aliyelilima kabla ya mapinduzi, au ni la yule aliyekabidhiwa na wakubwa wa wakati ule, akalitolea jasho na kulelea humo watoto wake? Rumania ilitunga sheria mwaka 1991 ya kuwarudishia ardhi wenyewe wa awali na warithi wao, na majirani waliokuwa wakisaidiana kuvuna wakaanza kukutana mahakamani.

Waamini wa Sigino, na wa Babati kwa ujumla, hawakuishi chini ya ukomunisti. Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alisema wazi kwamba ujamaa wake haukujengwa juu ya vita vya matabaka, bali juu ya undugu wa familia ya Kiafrika. Hata hivyo, swali lile lile lilikuja hadi mlangoni petu, na bado lipo. Anayetaka kujua kwa nini watoto wa mjomba mmoja hawasalimiani kanisani atafanya vema kuanzia hapo.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwanzoni watu walialikwa kujiunga na vijiji vya ujamaa kwa hiari. Lakini mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Kwa Wairaqw na Wagorowa, ambao maboma yao kwa desturi yalitawanyika, kila boma likiwa na shamba na malisho yake, kuhamishwa kulikuwa zaidi ya kubadili makazi. Mtu aliacha mahali alipozikwa baba yake, akapewa eneo ambalo pengine lilikuwa la mtu mwingine, naye huyo akahamishiwa kwingine. Huko Basotu, wafugaji wa Kibarbaig waliondolewa katika malisho yao ili kupisha mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada.

Haki inadai tuseme pia yaliyo mema. Miaka ile ilileta shule, zahanati na maji karibu na watu. Ilimpa Mbarbaig, Mrangi na Mmbugwe lugha moja ya kuzungumzia mambo ya umma, na jina moja la kuitana: ndugu. Nchi nyingi zilizopita njia kama hiyo zingelipa gharama kubwa kuipata zawadi hiyo.

Kisha mambo yakageuka, tena kwa haraka. Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka. Mwaka 1986 serikali ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya uongozi, na mwaka 1992 ukarudi mfumo wa vyama vingi. “Ndugu” akawa “mheshimiwa”. Hakuna aliyewaeleza wanakijiji ni nini kitakachoshika nafasi ya undugu ule wa serikali, na soko lilikuwa tayari kuishika.

Shauri moja kutoka ndani ya eneo la Jimbo la Mbulu linaonyesha uzito wa mageuzi hayo kuliko hotuba yoyote. Mzee Lohay Akonaay wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, alikuwa amefyeka pori na kupata shamba mwaka 1943. Operesheni Vijiji ikalichukua. Baada ya mageuzi kuanza, yeye na mwanawe walifungua kesi Arusha, wakashinda na kurudishiwa. Ndipo mwaka 1992 Bunge likatunga sheria iliyofuta haki za kimila za ardhi zilizotangulia kuundwa kwa vijiji, na kuzuia mahakama kusikiliza madai ya namna hiyo. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, ambako mwezi Desemba 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, wala haiwezi kufutwa bila fidia ya haki. Mkulima wa Mbulumbulu alikuwa amepata kile alichokikosa Nabothi mbele ya mfalme Ahabu.

Lakini vipi kuhusu yule jirani aliyepewa shamba na kijiji, asiyemnyang'anya mtu kwa mkono wake? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, hata ule uliokiuka sheria. Bunge lilichagua amani ya wengi. Uchaguzi huo unaeleweka, ingawa kwa baadhi ya familia kidonda kilifunikwa kabla ya kusafishwa.

Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha, na Babati ikawa makao makuu yake. Mji ukapanuka. Katika kata za pembezoni kama Sigino, eneo la mahindi na mbaazi laweza kuwa kiwanja, na madai yaliyolala miaka thelathini huamka siku mnunuzi anapofika. Hapo ndipo wakongwe wanapoulizwa mpaka ulipita wapi, na kijana anapomwita “mgeni” jirani ambaye babu zao walihamishwa kwa lori moja.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika Waraka wake wa *Centesimus Annus* tarehe 1 Mei 1991, miezi michache baada ya hija yake ya kitume nchini Tanzania, Septemba 1990. Anafundisha kwamba kuanguka kwa mfumo wa kijamaa hakumaanishi kuwa ubepari umebaki mfumo pekee wa kufuatwa. Mali binafsi ni haki, lakini inabeba wajibu kwa jamii, kwa maana Mungu ameiweka dunia kwa ajili ya watu wote. Anakumbusha pia kanuni ya auni: mamlaka ya juu isipokonye kazi ambayo familia na jumuiya ndogo zinaweza kuifanya zenyewe.

Yafaa kukumbuka kwamba Maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo mwaka 1976, yaani mwaka ule ule ambao Operesheni Vijiji ilipaswa kukamilika. Nyumba zilizohesabiwa chini ya balozi wa nyumba kumi ndizo zilizoanza kusali pamoja. Undugu wa balozi ulitegemea amri. Undugu wa jumuiya unatoka katika Ubatizo, na kwa sababu hiyo haukufutwa mwaka 1992. Jumuiya haiwezi kutoa hukumu ya ardhi, wala isijaribu. Inaweza kuwakutanisha wanaogombana kabla ya kwenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Inaweza kumsindikiza mjane ambaye ukoo unamwambia ardhi ni ya wanaume, na kumweleza kwamba sheria ile ile ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Na kwa mume anayetaka kuuza nyumba ya ndoa kimyakimya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kwanza ridhaa ya mkewe. Afadhali maneno hayo ayasikie kwa wanajumuiya wenzake, kabla mnunuzi hajatoa malipo ya awali.