Sura ya Tano: Dirisha, Ubao na Dakika za Nyongeza

Ikifika saa nne asubuhi, jua la Mandewa, Singida, limeshakolea. Katika darasa lenye madirisha pande zote mbili, mwanga huupiga ubao ukang'aa kama bati jipya. Watoto wengi hukunja macho kidogo, wakaendelea kunakili. Mwenye ualbino kukunja macho hakumfai kitu. Macho yake hayana rangi ya kutosha kuuzuia mwanga, mboni huchezacheza bila yeye kutaka, na ile sehemu ya ndani ya jicho inayopambanua vitu vidogo haikukomaa tangu alipozaliwa. Miwani humsaidia, lakini haimpi uoni kamili. Akiwekwa dawati la nyuma, hesabu za ubaoni kwake ni ukungu.

Na daftari lake likibaki tupu, ataitwa mvivu.

Hapo ndipo elimu jumuishi inapoanzia, kwenye mahali pa dawati. Mtoto mwenye uoni hafifu akae mbele, lakini mbele peke yake haitoshi: alipe dirisha kisogo, mwanga uangukie daftari badala ya uso wake. Aruhusiwe kusimama na kuusogelea ubao, aruhusiwe kuleta kitabu karibu na pua, maana kusoma kwa karibu hakuharibu macho. Kofia pana, ambayo shule nyingi huivua mlangoni kwa ajili ya nidhamu, kwake ni kifaa cha kujifunzia. Paredi ikirefuka, asimame kivulini. Zamu ya kufagia uwanja juani ibadilishwe, apewe kazi ya ndani. Mwalimu naye ajizoeze kutamka kila anachoandika. "Hii ukiitoa hapa unapata hii" haimfikishii chochote asiyeona mkono unaoelekeza. "Arobaini na tano toa kumi na nane" inamfikia yeye na darasa zima.

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji kibali wala bajeti.

Zamani njia ilikuwa moja: mtoto mwenye ulemavu apelekwe mbali, kwenye shule ya wenzake. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950, na ile ya viziwi ya Tabora ikafuata mwaka 1963. Ndani ya mkoa huuhuu wa Singida, kwenye barabara ya Dodoma, ipo Ikungi Mchanganyiko. Shule hizi zisibezwe, kwa kuwa ndizo zilizotunza utaalamu wakati shule za kawaida zilikuwa hazijafungua mlango. Mwelekeo uligeuka mwaka 1994, wawakilishi wa serikali 92 walipokutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo ya kila mtoto. Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Si jambo la watu wachache: Sensa ya 2022 ilionyesha asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu.

Ziko shida zisizotatuliwa kwa kuhamisha dawati. Asiyeona kabisa anahitaji nukta nundu, yaani vitone sita vinavyopangwa kwa namna mbalimbali kuunda herufi. Vinahitaji mashine yake, karatasi nzito, na zaidi ya yote mwalimu anayevisoma. Chuo cha Patandi mkoani Arusha huandaa walimu wa elimu maalumu. Shule ikiwa na mmoja tu wa aina hiyo, naye akahamishwa, mtoto anaweza kujaza kurasa nzima kwa usahihi na asipatikane wa kumsahihishia.

Kwa kiziwi hali ni ngumu zaidi, na ni haki kusema hivyo waziwazi. Mwalimu akiacha kuongea huku ameelekea ubaoni, anayesikia kwa shida atanufaika, kwa sababu atauona mdomo. Lakini kiziwi aliyewekwa kati ya watoto sitini bila hata mmoja, mwalimu wake akiwemo, anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania, hajajumuishwa. Amekalishwa tu na upweke wake. Darasa linaloanza na alama kumi kila wiki, mwalimu akijifunza sambamba na watoto, limeshapiga hatua ya kweli.

Kisha kuna muda. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wenye uoni hafifu hupewa pia karatasi yenye maandishi makubwa. Kusoma kwa vidole, au kwa jicho linalotafuta mstari uliopotea, hula muda ambao hauhusiani na akili. Haifai mtoto azikute dakika hizo kwa mara ya kwanza Darasa la Saba, baada ya miaka ya kunyang'anywa karatasi kwenye majaribio ya kila wiki. Jaribio la Hisabati la nusu saa linadai dakika 10 tu za nyongeza: wenzake wanatoka mapumziko, yeye anabaki akimalizia swali la mwisho, na mwalimu anamsubiri.