Upana wa Vidole Vinne

Mkulima wa Mchombe alionaye gari moshi la TAZARA likipita Bonde la Kilombero huenda asijue kwamba huko mbele, Kidatu, pana pengo la upana wa vidole vinne lililowashinda wahandisi. Leo twapenda kulieleza.

Reli moja igawanyikapo kuwa mbili, hapo huwekwa pointi: vyuma viwili vilivyochongoka kama ndimi, ambavyo husogezwa upande huu au ule, na magurudumu yakafuata. Pasipo chombo hicho kidogo hakuna njia iwezayo kuungana na mwenzake.

Reli itokayo Kilosa ilifika Kidatu mwaka 1965. Upana wake ni milimita 1,000, kipimo cha Reli ya Kati ambayo Wadachi walianza kuijenga mwaka 1905. Reli ya Uhuru, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1976, ina milimita 1,067, ipate kulingana na reli za Zambia na nchi za kusini. Tofauti ni milimita 67 tu.

Huko Uingereza, kampuni ya Great Western ilikuwa na reli pana za milimita 2,140. Ili magari ya vipimo viwili yapite njia moja, ililaza chuma cha tatu; na pointi zake zikawa na ndimi na makutano ya ajabu, mpaka kipimo kile kipana kilipofutwa Mei 1892. Kidatu hila hiyo haifai, kwa kuwa kitako cha reli ni kipana kuliko milimita 67. Chuma cha tatu hakina pa kukaa! Ndipo mwaka 1998 kikafunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa.

Kila gunia linaloshushwa na kupakiwa tena lina gharama, na mlipaji wa mwisho ni mkulima na mnunuzi. Sasa tunayo na reli ya tatu, ya milimita 1,435, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024. Twaifurahia, lakini yatupasa kukumbuka somo la Kidatu. Majirani na wapatane kipimo kabla taruma la kwanza halijalazwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu ulikuwa wa vidole vinne.