Mwanga Kutoka Zizi la Ngombe

Wandugu, wengi wanauliza: mavi ya ngombe yanaweza kutoa umeme? Ndiyo, yanaweza. Lakini yafaa kujua kwanza namna gani na kwa kipimo gani, ili misioni isitupe feza bure.

Tutazame Kinsevere, kilometri 30 hivi kaskazini ya Lubumbashi. Pale kuna mugodi wa shaba, na kutenga shaba kunakula umeme mwingi sana. Tangu mwaka 1982 nyaya kubwa za Inga zinafika mpaka Kolwezi, zikipita juu ya vijiji vingi visivyo na hata taa moja. Huku watu wanapika kwa kuni na makala, na pori la miombo linazidi kwisha. Basi mwenye zizi asingoje waya tu.

Gazi inatoka wapi? Mavi yakifungiwa pahali pasipo hewa, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinayala na kutoa gazi inayowaka. Ndiyo ile inayopanda kutoka matope ya mabwawa. Wajengaji wanachimba shimo, na ndani yake wanajenga chungu kikubwa cha matofari na sima, kisichopitisha hewa. Kila asubui wanatia mavi mapya yaliyochanganywa na maji, kipimo sawasawa. Gazi inakusanyika juu na kupita katika bomba. Uji uliokwisha kuoza unatoka upande wa pili, nao ni mbolea nzuri kwa mahindi na mboga. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ikishika Katanga, gazi inapunguka; ndiyo sababu chungu kinafichwa udongoni.

Sasa tuhesabu. Ngombe mukubwa anayelala zizini anaacha kilo 10 hivi za mavi kwa usiku mumoja. Kilo 25 zatoa karibu metri kubu 1 ya gazi. Ngombe 20 basi watatoa metri kubu 7 au 8 kila siku. Gazi hiyo yatosha jamaa 4 au 5 kupika chakula chao. Ikitiwa katika mashini ndogo ya umeme, itatoa kilowati-saa 10 au 12: taa, pompi ya maji na frigo moja. Lakini sehemu 3 kwa 4 za nguvu yake zinapotea kwa joto la mashini. Kwa hiyo jiko kwanza, taa baadaye.

Wengine wamekwisha kufanya. Huko Arusha, Tanzania, shirika la CAMARTEC lilianza kujenga vyungu vya namna hii katika miaka ya 1980. Huko Hale, karibu na Tanga, mwaka 2008 walianza kutoa umeme kwa masalio ya mukonge. Katika Benin, Padri Godfrey Nzamujo, Mudominiko, alianzisha Songhaï mwaka 1985. Pale nyama, samaki, shamba na gazi vinasaidiana, na vijana wanafundishwa kazi.

Tujihazari. Gazi hii ina sumu inayokula chuma cha mashini; ipitishwe kwanza katika chombo chenye vipande vya chuma chenye kutu. Mutu asiingie ndani ya chungu, wala asikaribishe moto: wengine wamekufa hivyo.

Adui mukubwa kuliko yote ni uvivu. Vyungu vingi vya Afrika ya Mashariki vimekufa, si kwa kukosa ufundi tu, bali pia kwa kukosa mutu wa kuzoa mavi na kuchota maji kila siku. Papa Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kutunza dunia kama nyumba yetu sote. Basi mwenye ngombe 4 ajenge kwa ajili ya jiko. Mwenye 20 au zaidi afikiri umeme. Na seminari isiyoweza kupanga zamu ya zizi, sawa inavyopanga zamu ya sakristia, isianze.