Hesabu za IB: angalia kwanza unakokwenda, ndio uchague



Kuna madogo wawili hapa mtaani wamemaliza form four na wanajaza fomu za ufadhili wa UWC, zile shule ambazo tawi lake la Afrika Mashariki liko Moshi na Arusha. Huko hawasomi kwa mtaala wa NECTA, wanasoma diploma ya IB, kozi ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu. Swali lao la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Bro, hesabu za huko zinakwepeka?"

Jibu fupi: hazikwepeki. Mimi nimepita A-level ya kwetu, ambako mtu wa HKL au HGL akishamaliza form four anaipungia hesabu mkono wa kwaheri. IB hakuna hiyo. Unachukua masomo sita na mojawapo lazima liwe hesabu, hata kama ndoto yako ni sheria au fasihi. Ila zipo za aina nne, na hapo ndipo watu wanapojifungia milango bila kujua. Tuzichambue.

1. AINA ZENYEWE

Tangu 2019 kuna kozi mbili. Ya kwanza ni Analysis and Approaches, kwa kifupi AA. Ya pili ni Applications and Interpretation, yaani AI (msiichanganye na ile akili bandia ya kwenye simu). Kila moja ina ngazi mbili: SL ambayo ni ya kawaida, saa 150 za darasani, na HL ambayo ni ya juu, saa 240. Mbili mara mbili, nne. Unachukua moja tu. Ukikutana na desa la zamani limeandikwa Mathematical Studies au Further Mathematics, achana nalo, kozi hizo zilishafutwa.

AA ndiyo hesabu ya "thibitisha kwamba". Aljebra, fomula, kalkulasi, na kueleza kwa nini jibu ni hilo. AI ni hesabu ya kuchukua kitu cha duniani na kukigeuza kuwa namba: takwimu, mikopo na riba, ramani, mitandao ya njia.

Mada kuu ni zilezile tano kote, tofauti ni muda. Kwenye HL, AA ina saa 55 za kalkulasi na saa 33 za takwimu na uwezekano. AI HL imegeuza: saa 41 za kalkulasi na 52 za takwimu. Ukisoma hizo namba tu umeshaelewa nani anaandaliwa kwa nini.

2. MTIHANI UKOJE

SL zote mbili zina pepa mbili za dakika 90, kila moja asilimia 40. HL zina pepa tatu: mbili za saa mbili mbili, asilimia 30 kila moja, na ya tatu, fupi zaidi, asilimia 20. Hiyo ya tatu ina maswali mawili tu, marefu, yanakuvuta hatua kwa hatua mpaka mahali hujawahi kufika. Aliyezoea kukariri hapo anaumbuka.

Sasa tofauti kubwa: AA, pepa ya kwanza unaingia bila kalkuleta. AI, kalkuleta ruksa pepa zote. Na si ile Casio ndogo ya dukani, ni ya kuchora grafu, mfano TI-84 Plus CE au Casio fx-CG50. Bei yake si ya mchezo, kwa hiyo kabla ya kusafiri uliza kama ufadhili wako unaihusu au shule inaazimisha.

Hapa nawaambia madogo wa bongo msijidharau. Tuliozoea kukokotoa kwa kichwa na karatasi, pepa isiyo na kalkuleta haitutishi sana. Kinachotusumbua wengi ni Kiingereza cha swali na kujieleza hatua zote, kwa sababu kule maksi nyingi zinatolewa kwa njia, sio kwa jibu pekee.

3. ASILIMIA 20 UNAZOANDIKA MWENYEWE

Kozi zote nne zina kazi ya kuandika ya kurasa 12 mpaka 20, maksi 20, sawa na asilimia 20 ya somo. Unachagua mada mwenyewe. Mwalimu anasahihisha, halafu IB wanachukua sampuli kuhakiki kama hakupendelea wala hakubana.

Maksi zinagawanywa hivi: mpangilio 4, lugha ya kihesabu 4, mchango wako binafsi 3, tafakari 3, hesabu yenyewe 6. Angalia tena. Hesabu yenyewe ni 6 kati ya 20! Nyingine zote ni kwa kufikiri na kueleza.

Mfano. Mtoto wa pwani anaweza kuchukua vipimo vya maji kujaa na kupwa. Kutoka maji makuu hadi maji makuu ni kama saa 12 na dakika 25, grafu inatoka mawimbi mazuri kabisa ya sine. Halafu anajiuliza: mbona baada ya siku chache kanuni yangu inakosea? Kwa sababu kuna bamvua na maji mafu, kimo hakibaki kilekile. Akieleza hilo na kurekebisha kanuni yake, hiyo ndiyo tafakari wanayoitaka. Mada imetoka kwa babu mvuvi, sio Google.

4. SASA UCHAGUE IPI?

Kwetu ukipata pointi 3 form six ni division one ya kufa mtu. IB ni kinyume, pointi zinapanda: kila somo 1 mpaka 7, jumla ya juu kabisa 45, na diploma inaanzia 24. Lakini ukipata 1 kwenye somo lolote, diploma imekwenda hata kama jumla inatosha. Na masomo yako matatu ya HL lazima yafikishe pointi 12 kwa pamoja. Kwa hiyo kuchukua HL kwa sifa ni hatari, inaweza kuzama na masomo mengine yote.

Upande wa pili, kuchukua nyepesi kwa woga nako kuna gharama. Unataka uhandisi, fizikia au hesabu yenyewe? Lenga AA HL. Cambridge, kwa mfano, hawakuchukui kusoma hesabu bila hiyo. Biolojia, saikolojia, sosholojia, utafiti wa jamii? AI inakufaa sana, na AI HL sio ya wavivu, ina matriksi, namba changamano na vipimo vya takwimu vya kutoa jasho. Uchumi uwe makini, vyuo vinatofautiana sana. Sheria na lugha, AI SL kwa kawaida inatosha. Ukitaka kurudi kusoma chuo hapa nyumbani, cheti cha nje kinapitia NECTA kufanyiwa ulinganisho, kwa hiyo soma pia vigezo vya kozi yako kwenye mwongozo wa TCU.

Ushauri wangu: kabla ya siku ya kuchagua masomo, lipia nusu saa hapo cafe, fungua kurasa za vyuo vitatu unavyovitaka, andika wanadai hesabu ipi na ngazi ipi. Kisha iulize shule inafundisha zipi, maana sio kila shule ina zote nne. Ukibaki njia panda, anza na ngazi ya juu. Kushuka kutoka HL kwenda SL ni rahisi kuliko kupanda.

Mwalimu au rafiki akikwambia "chukua hii, ni nyepesi", muulize: nyepesi kunifikisha wapi?

Haya, uwanja wenu wadau. Mliosoma IB tupeni uzoefu hapo chini, na wenye maswali mwageni. Tupo pamoja.