Kifua Kikuu Kinapoingia Kwenye Damu

Jina la kifua kikuu huwapotosha wengi. Kwa mtu mwenye kinga imara vimelea vya TB hukaa zaidi mapafuni, na kikohozi ndicho humfikisha hospitali. Kwa anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeporomoka, vimelea hivyohivyo huweza kuingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima, huku kifua kikiwa kimya.

Kwa kawaida chembe za kinga huvimeza vimelea na kuvizungushia ukuta, vikalala humo hata miaka mingi. Ukuta huo husimama kwa msaada wa chembe za CD4, ambazo ndizo VVU huziangamiza. CD4 zikishuka, hasa chini ya 100, ukuta hulegea. Vimelea hupenya kwenye mishipa, vikafika kwenye ini, bandama, uroto wa mifupa, hata utando wa ubongo.

Mgonjwa huwa na homa isiyokoma, hukonda, hutokwa jasho usiku na kupungukiwa damu. Homa ya namna hiyo ni rahisi kuiita malaria au taifodi, na hapo ndipo siku za thamani hupotea. Mwaka 1995, watafiti walipima damu ya watu wazima 517 waliolazwa Muhimbili, Dar es Salaam, wakiwa na homa. Miongoni mwa vimelea vilivyooteshwa kutoka kwenye damu hiyo, vya TB vilikuwa mstari wa mbele.

Kuotesha vimelea vya TB kutoka kwenye damu huchukua wiki kadhaa, na mgonjwa mahututi hana wiki hizo. Makohozi nayo huenda yasipatikane, au yakapimwa yasionyeshe kitu. Ndiyo maana kipimo cha mkojo kiitwacho LAM kina thamani kubwa. Kipande cha ukuta wa kimelea hupita kwenye figo hadi kwenye mkojo, nacho hugunduliwa kwa utepe mdogo ndani ya dakika 25, kando ya kitanda. Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwaka 2015 kwa wenye VVU, likapanua matumizi yake mwaka 2019. Jibu likionyesha TB, dawa zianze siku hiyohiyo. Lisipoonyesha, TB bado haijaondolewa kwenye orodha.

Matibabu ya kawaida ni ya miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili, isoniazidi na rifampisini, kwa miezi minne. TB ikifika kwenye ubongo, muda huongezwa. Asiyetumia ARV huanzishiwa ndani ya wiki mbili tangu aanze dawa za TB, isipokuwa mwenye TB ya utando wa ubongo, ambaye husubiri wiki nne hadi nane. Kinga inaporejea, homa na uvimbe wa tezi huweza kuongezeka kwa muda. Wagonjwa wengi hudhani dawa zimewadhuru na kuziacha, ilhali wanachohitaji ni kurudi kliniki wakiwa bado wanazimeza.